Warudi kwao wapi? Wafugaji wa Pwani tumechoka kutukanwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Wiki hii nzima kila nikifungua simu nakuta watu wa Dar wanatuchambua wafugaji: wavamizi, wauaji, warudishwe kwao, mifugo yao ipigwe risasi. Na maoni ya namna hiyo ndiyo yanayoshangiliwa zaidi. Wengi wanaoyaandika wako Sinza na Mbezi, na hata mnada wa mifugo wa Pugu ulio ndani ya jiji lao hawajawahi kuukanyaga.

Mimi kwetu ni Meatu, nyumba yangu iko Chanika, ng'ombe wangu wako upande wa Kisarawe. Ardhi niliipata kijijini kwa kufuata taratibu, mkutano mkuu wa kijiji ulikaa, muhtasari ninao na mihuri iko. Bado nikipita na mifugo naitwa mvamizi. Warudi kwao, kwao wapi?

Ukimkuta mfugaji Kilwa au Rufiji, muulize alifikaje. Wengi watakutajia Usangu. Mwaka 2006 serikali iliamuru mifugo iondoke Usangu na Ihefu kule Mbarali, ili kunusuru maji ya mto Ruaha Mkuu. Watu wakaswaga, wengine wakapakia kwenye malori kuelekea Pwani na Lindi, huko walikoelekezwa. Mifugo mingi ilifia njiani. Walikofika majosho ya kuogeshea mifugo hakuna, malambo ya kunyweshea hakuna, na mkulima mwenyeji hakuna aliyekaa naye kumweleza kinachokuja. Leo mkulima huyo na mfugaji huyo wakigombana, lawama yote ni ya mfugaji. Aliyepanga safari yenyewe hatajwi kabisa.

Halafu 2013 ikaja Operesheni Tokomeza. Ilikuwa ya kuwasaka majangili, lakini wafugaji nao walipigwa na mifugo yao ikauawa, hadi Bunge likachachamaa na mawaziri wanne wakaondoka Desemba mwaka ule. Sasa wewe unayeandika "ipigwe risasi", unajua unachokiomba? Kuna watu wamekwisha kukiishi.

Mnakumbuka mgao wa maji wa 2022, mto Ruvu ulipopungua mkawa mnapanga ndoo? Ukame ule ule ndio uliokuwa unatumaliza sisi. Unaingia zizini alfajiri unamkuta ng'ombe amelala, macho wazi, kusimama hawezi. Mnaitana. Mmoja anashika mkia, mwingine pembe, wawili wanapitisha gogo chini ya kifua, mnanyanyua kwa pamoja. Anasimama anatetemeka, mnamwegemeza kwenye ua mpaka miguu ipate nguvu, ndipo mnamfuata wa pili. Kesho yake mnawanyanyua wale wale. Siku ambayo hata pumba za mkononi hazilambi, unamwahi kwa kisu, na mwenye bucha anakupa hela isiyotosha hata gunia la shudu. Huyo ng'ombe ndiye ada ya mtoto, ndiye matibabu ya mama. Na katikati ya hayo yote nasoma kwamba mto umekaushwa na sisi.

Mvua ikinyesha nako kuna yake. Ukanda huu una mbung'o na kupe. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inaanza na matezi kuvimba chini ya sikio, joto linapanda, ng'ombe anaacha kula. Ukichelewa anaanza kukohoa na kutoa povu puani, na hapo hata sindano huwa inachoma tu hela yako. Mtaalamu wa mifugo ni mmoja kwa vijiji kadhaa, ukimpigia yuko mbali, si kosa lake.

Ukivuka hayo unapakia kwenda Pugu. Kibali, ushuru, lori, kijana wa kukaa juu na fimbo asiache ng'ombe alale akakanyagwa. Ukifika, dalali anampapasa mgongo na kiuno, anakutajia bei kwa macho. Ukikataa unarudi na ng'ombe wapi? Unauza. Jioni unapita buchani unaona bei ya kilo, unakaa kimya.

Wapo wanaotushauri tufuge kisasa, tupunguze mifugo. Ushauri si mbaya, na wengine tumeanza. Lakini mtamba wa mbegu bora ni hela, kisima ni hela, kupanda malisho kunataka ardhi ambayo una uhakika hutaondolewa kesho. Nilikwenda benki moja kuomba mkopo, wakaniambia ng'ombe si dhamana. Sasa hiyo ya kisasa naianzaje, kwa mate? Sheria ya nyanda za malisho ipo tangu 2010, na vijiji vinatakiwa kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi. Nendeni muone ni vingapi vimeyatenga hayo malisho yakaheshimiwa, na ni vingapi yameuzwa viwanja kwa watu wa kutoka hukuhuku mjini.

Sitaficha kitu. Rudewa Mbuyuni, Kilosa, Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa. Ule ulikuwa unyama na hauna utetezi. Wapo pia wachungaji wanaoingiza ng'ombe kwenye mahindi usiku kwa makusudi. Hao washitakiwe, nitakuwa wa kwanza kuwataja. Ila mimi sikuua mtu Kilosa, na mwanangu anayechunga hakuua.

Mwaka jana ndama wangu wawili walipenya kwenye shamba la mihogo. Nilipofika niliwakuta wamekatwa kano za miguu ya nyuma, wanajikokota kwa magoti ya mbele. Mtu aliyewakata alinitazama tu. Nililipa mihogo yake. Ndama hakuna aliyenilipa, na nilipolalamika niliambiwa na mimi nimezidi.

Kwa hiyo nasema hapa hadharani, na mkulima yeyote wa Kisarawe anisome. Ng'ombe wangu akiingia shambani kwako, mkamate, mfunge kwenye mti. Mwite mwenyekiti wa kitongoji, mwite bwana shamba apige tathmini. Nitakuja na nitalipa kilichoandikwa. Panga liache.