Trieste: kwa nini Waserbia na Wagiriki wana makanisa mawili ya Orthodoksi jirani hivi?

Mdadisi_wa_Kuba
Wakuu habari. Nimekuwa napitia picha za Trieste, ule mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Italia, nikakuta kanisa la San Spiridione lenye kuba za bluu pembeni ya mfereji wa Canal Grande, wanasema la Waserbia. Sasa ukisogea kidogo tu kwenda baharini kuna San Nicolò, nalo Orthodoksi ila la Wagiriki. Si imani moja hiyo? Na walifuata nini kwenye mji wa Wakatoliki? Mwenye kujua atiririke.

NangaChini
Walifuata pesa mkuu, hakuna jingine. Trieste ilikuwa chini ya Austria mpaka Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1719 Kaisari Karl VI aliitangaza bandari huru, basi wafanyabiashara wakamiminika, Wagiriki, Waserbia, Wayahudi, Waarmenia, kila mwenye meli au bidhaa anataka pahala pake. Sasa mtu ana maghala na meli hapo, mtoto akizaliwa au mzee akifa anaita padre gani? Maria Theresa, bintiye aliyemrithi, alikuwa Mkatoliki haswa ila hesabu za biashara alizijua, 1751 akawaruhusu Waorthodoksi wawe na kanisa lao. Wakajenga moja kwa ajili ya wote, wakalipa jina la Spiridon, yule askofu wa Kipro ambaye mwili wake uko Corfu.

BibiHistoria
Imani moja ndiyo, ila ibada isomwe kwa Kigiriki au Kislavoni, ile lugha ya zamani ya ibada ya Waserbia? Na padre atoke kwa nani? Hapo ndipo walipovurugana, na ukiniuliza mimi dini haikuwa na neno, ni matajiri wa pande mbili kila mmoja anataka sauti yake ndo isikike. Mwanzoni mwa miaka ya 1780 Wagiriki wakajitoa, wakajenga la kwao kando ya bahari, likaisha 1787. Wakamchagua Nikola, msimamizi wa mabaharia, na mlango unatazama maji kabisa. Ule uso wa mbele wenye minara miwili ni kazi ya Matteo Pertsch, uliongezwa baadaye.

NangaChini
Na hilo la kuba za bluu siyo lile walilogombania jamani. Mtaa ule wote ulikuwa mashamba ya chumvi yakafukiwa, ardhi laini, kanisa la kwanza likawa hatari mpaka likabomolewa 1861. Waserbia wakamleta Carlo Maciachini, huyohuyo aliyechora yale makaburi makubwa ya Milano, akawapa kanisa la mtindo wa Bizantini, na kuta za nje zina picha za watakatifu za vipande vidogovidogo juu ya dhahabu. Tena limesimama ubavuni mwa kanisa la Kikatoliki la Sant'Antonio, yaani hapo watu walikuwa wanaonyeshana uwezo waziwazi. Ndani inaning'inia taa kubwa ya fedha, zawadi ya Pavel, mrithi wa kiti cha Urusi aliyekuja kuwa Tsar Paul I, alipita Trieste 1782. Kwa hiyo taa ni kongwe kuliko jengo.

Mdadisi_wa_Kuba
Daah, kumbe taa imekuja kipindi kilekile Wagiriki wanafungasha?! Ikabaki kwa Waserbia basi. Na siku hizi wameelewana au bado?

BibiHistoria
Ikabaki, kanisa si walibaki nalo wao. Siku hizi hawana ugomvi, ila kila mmoja na mkubwa wake, Waserbia wako chini ya Patriaki wa Serbia, Wagiriki chini ya Patriaki wa Konstantinopoli. Hata kalenda tofauti, Wagiriki Krismasi yao Desemba 25, Waserbia wanafuata kalenda ya zamani kwa hiyo Januari 7. Pasaka ndo wanasali siku moja.