MREJESHO: Ile redio iliyowaita vijana wetu panya road

Wakuu habari zenu, mwezi uliopita niliwauliza tufanyeje baada ya redio moja hapa Dar kutangaza kwamba vijana wa kijiwe chetu cha bodaboda Tandale ni panya road, yaani yale magenge ya vijana wanaopora watu, bila hata kumpigia mtu mmoja simu.

Mlionambia tuanze na mhariri asanteni sana. Tukaandika barua, tukaweka tarehe na saa ya kipindi na maneno yenyewe kama tulivyoyarekodi kwenye simu, saini 43, zingine zina mafuta ya chapati maana tulizikusanyia kwa mama ntilie asubuhi. Siku tano kimya, tukaenda wenyewe watu wanne, mhariri akasikiliza ile rekodi mara mbili akanyamaza.

Jumatatu wamesahihisha, ila saa tano usiku! Habari yenyewe ilisomwa saa mbili asubuhi, watu wako kwenye daladala wanasikiliza, mama mzazi wa dogo mmoja aliisikia akiwa sokoni. Hapana, hiyo sijakubali, tunataka isomwe saa ileile. Sasa tunaenda Baraza la Habari, wale wanasuluhisha malalamiko kama haya bila kufika mahakamani. Aliyewahi kupeleka lalamiko kule anielekeze jamani.