Mgongo: nianze na sindano za Kichina au dawa za kuchemsha?

Pwani_Tulivu
Wakuu, habari za jioni. Mgongo unanitesa. Kliniki moja ya tiba ya Kichina hapa Dar imenipa njia mbili: akupancha (sindano) mara 10 ndani ya wiki 5, au mitishamba ya mwezi mmoja, pakiti za kuchemsha nyumbani. Bei karibu zinalingana, na zote mbili kwa pamoja siziwezi. Wanataka jibu Jumamosi. Mngekuwa nyinyi mngeanza na ipi?

Fundi_wa_Viungo
Mleta mada, umeuliza bei ya nyama bila kutaja mnyama. Mgongo wa juu au kiuno? Maumivu yanabaki hapo au yanashuka mguuni? Yana muda gani? Unameza dawa gani za hospitali? Kama ni dada, una ujauzito? Una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo? Na la muhimu kuliko yote: una ganzi sehemu za siri au mapaja ya ndani, mkojo unagoma au unatoka wenyewe? Kama ndiyo, funga uzi huu uende hospitali usiku huu huu.

Ngarawa
Wakati tunasubiri majibu: mgeni wa tiba hizi aanze na sindano. Kikienda kombo kitu, unachomoa na mambo yanaishia hapo. Dawa ikishashuka tumboni huichomoi.

Sindano yenyewe si ile ya kuchomea dawa. Haina tundu, unene wake ni kama milimita 0.25, wakati ya kuchomea dawa msulini ni 0.6 hadi 0.8. Kiunoni hutumika ya urefu wa milimita 40, na kwenye nukta ya Huantiao, pale takoni, hata 75. Utasikia uzito au kama msuli unavutwa. Wachina wanaita deqi, na ndicho mchomaji anachokitafuta. Shoti ya kuwaka inayokimbia hadi vidoleni ni kitu kingine, hapo amegusa mshipa wa fahamu, mwambie airudishe nyuma. Zinakaa dakika 20 hadi 30.

Kula saa moja au mbili kabla, na ulale kifudifudi. Wengi wanaozimia ni waliokwenda na njaa wakachomwa wakiwa wamekaa. Pakiti zifunguliwe mbele yako, sindano zihesabiwe zikiingia na zikitoka. Akitaka kukuchoma Jianjing, juu ya bega, achome juu juu, maana kilele cha pafu kiko chini yake. Ukibanwa kifua au ukikosa pumzi baadaye, hata baada ya saa kadhaa, nenda hospitali na useme wazi ulichomwa wapi.

Na usilipie 10 kwa mpigo. Lipia 4, upime.

Chungu_cha_Udongo
Ngarawa kila uzi ni sindano tu. Maumivu ya kiuno na mguu yaliyokwisha kuzeeka yana dawa yake, Duhuo Jisheng Tang, mchanganyiko wa vitu 15 uliotoka kwa Sun Simiao, tabibu wa China wa karne ya 7. Nadhani ndio waliompa.

Wanaosema haifanyi kazi wengi wameichemsha kama chai ya maziwa, dakika 5 wakaepua. Tumia chungu, sufuria ya enameli au ya stenlesi. Si ya chuma cha kawaida wala alumini, kwa sababu tanini za mizizi zinashikana na madini. Loweka kwenye maji baridi dakika 30, maji yapite dawa kwa vidole viwili. Moto mkali hadi yachemke, kisha mdogo dakika 25 hadi 30, kifuniko juu. Chuja. Ongeza maji, chemsha tena dakika 20, chuja, changanya na yale ya kwanza, gawa vikombe viwili: asubuhi na jioni, vuguvugu. Gome la mdalasini (rougui) litupie dakika 5 za mwisho, mafuta yake yasiishie hewani. Ikiungua, mwaga yote, usiongeze maji juu ya iliyoungua. Na ukiona neno *fuzi* kwenye orodha, hiyo huchemshwa peke yake kwanza, dakika 30 hadi 60, maana ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo na muda wa moto ndio unaoipunguza.

Takwimu_Kwanza
Kabla hamjamuuzia mtu, Ujerumani walipima. Matokeo yalitoka 2007: wagonjwa 1,162 wa kiuno cha muda mrefu, vipindi 10 vya nusu saa, takriban viwili kwa wiki, yaani ratiba ile ile aliyopewa mleta mada. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu: sindano za kweli 47.6%, sindano za kuigiza zilizochomwa juu juu nje ya nukta 44.2%, matibabu ya kawaida 27.4%. Sasa Huantiao na nukta zenu zote zimeongeza nini?

Ngarawa
Mkuu, soma na namba ya tatu. Mgonjwa hachagui kati ya kweli na kuigiza, anachagua kati ya sindano na matibabu ya kawaida, na hapo tofauti ni pointi 20.

Takwimu_Kwanza
Pointi 20 za kulala chini na kuhudumiwa nusu saa. Uingereza mwaka 2016 mwongozo wao uliwaambia madaktari wasitoe akupancha kwa kiuno wala sayatika (maumivu ya mshipa wa fahamu yanayoshuka mguuni). Mwaka 2021 wakaikubali kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana, kozi moja, isizidi saa 5 za muda wa mtaalamu. Ndiyo maana Fundi anauliza ni maumivu gani.

Pwani_Tulivu
Samahani nilibanwa. Ni dada, miaka 46, sina ujauzito. Kiuno, na inashuka mguuni, ina miezi 3. Nameza kidonge cha presha, kile cha kukojoza, na warfarin ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa mwaka huu damu iliganda mguuni. Sikuona kama inahusiana na mgongo.

Fundi_wa_Viungo
Dada yangu, hicho ndicho kilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza.

Mitishamba weka pembeni. Ndani ya mchanganyiko aliotaja Chungu kuna danggui na chuanxiong. Danggui inajulikana kuongeza nguvu ya warfarin, unaweza kuamka fizi zinatoka damu na INR (kipimo cha kuganda kwa damu) imeruka. Kuna gancao pia, ule mzizi mtamu: unapandisha presha na kushusha potasiamu, na kidonge chako cha kukojoza nacho kinashusha potasiamu. Viwili vinavuta upande mmoja.

Sindano kwa mtu wa warfarin si haramu, ila kwa masharti. INR iwe ya karibuni na ndani ya kiwango chako, kwa wengi kati ya 2 na 3. Sindano nyembamba, zisiende kina, kila tundu likandamizwe kwa pamba dakika moja au mbili. Weizhong, nyuma ya goti, aiache, ateri iko jirani.

Swali jipya: mguu unaouma ndio ule ule ulioganda damu? Kama ndio huo, nani amekuhakikishia kwamba maumivu yanatoka mgongoni? Usiguswe kwa sindano, masaji wala vikombe vya kuvuta ngozi mpaka daktari wa hospitali auone.

Bibi_Karafuu
Nakazia kwa Fundi. Na kwa wanaosema mitishamba haina madhara, yaliyotokea Brussels yaelezwe yote.

Mwaka 1990 kliniki moja ya kupunguza unene iliongeza kwenye vidonge vyake unga wa mimea miwili ya Kichina, mmojawapo ukiwa *fangji*, Stephania tetrandra. Kwa Kichina kuna mmea mwingine unaoitwa *guang fangji*, Aristolochia fangchi. Jina karibu moja, mzizi ukishakatwa vipande unafanana, ukisagwa ndiyo kabisa. Ulioingia kwenye vidonge ni wa pili, nao una asidi ya aristoloki. Wanawake wakaanza kufika hospitali na figo zilizonyauka, wengine chini ya miaka 50, bila kisukari wala presha ya kuelezea. Waliogundulika walipita 100, wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo. Halikuishia hapo. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo zilizokufa na mirija yake: 18 walikutwa na saratani. Walikuwa wameacha vidonge miaka mingi.

Hakuna aliyekusudia kuua. Mwagizaji aliandika jina la sokoni, mpokeaji akasoma jina la sokoni, na hakuna maabara iliyotazama katikati. Hivyo dada akipewa pakiti yoyote adai orodha yenye jina la kisayansi la kila mmea na gramu zake. Wakikataa, asinunue.

Chungu_cha_Udongo
Bibi, ni kweli tupu, na China yenyewe iliupiga marufuku guang fangji mwaka 2004. Lakini ni kosa la mmea kubadilishwa, usilibebeshe tiba nzima. Dawa mseto ya malaria mnayomeza imetoka wapi? Qinghao, yaani artemisia! Mwanasayansi wa China Tu Youyou aliyarudia maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, akakuta mmea unalowekwa na kukamuliwa, hauchemshwi, akaona joto ndilo linaloharibu. Akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwa joto dogo, badala ya maji ya moto. Nobeli ya 2015.

Takwimu_Kwanza
Chungu, umejifunga goli mwenyewe. Dawa ilipatikana pale walipoacha chungu wakaitoa kemikali moja, wakaipima kwa miligramu. Ndiyo maana WHO haikubali chai ya artemisia kwa malaria: kiasi hakitabiriki, na dozi pungufu inavifundisha vimelea usugu.

Chungu_cha_Udongo
Chai ya majani makavu sikuitaja mimi. Fungua uzi wake nije.

Mtaa_wa_Pili
Wakuu, mbona hamjagusa hijama? Si ndiyo hiyo hiyo vikombe vya Wachina, kwa bei nafuu?

Bibi_Karafuu
Si hiyo hiyo. Wachina mara nyingi wanavuta ngozi tu kwa kikombe, dakika 5 hadi 15, inabaki alama nyekundu. Hijama, kama chuku ya wazee wetu wa pwani, inachanja na kutoa damu. Kwa anayemeza warfarin, kuchanjwa kusitajwe hata kwa utani.

Mtaa_wa_Pili
Chuku nilidhani ni kusema uongo tu 😂

Ngarawa
Kupiga chuku ni hicho pia. Pembe ya ng'ombe, unanyonya hewa, unaziba kwa nta.

Pwani_Tulivu
Asanteni wote. Nimepiga simu kliniki, wamesema basi nianze sindano na watanipa bure vidonge vidogo vyeusi vya kusaidia damu itembee, 8 mara tatu kwa siku. Hivyo si vya kuchemsha, navyo vina shida? Chupa ina maandishi ya Kichina tu.

Fundi_wa_Viungo
Kutembeza damu kwa mtu wa warfarin! Usiviguse. Chupa isiyosomeka hata daktari wako hawezi kukusaidia nayo, na vidonge vya namna hiyo vimewahi kukutwa na steroidi zilizofichwa ndani.

Halafu, dada, maswali mawili bado hujajibu: mguu ni upi, na ganzi ipo au haipo?