Naombeni ushauri: nina prezentesheni ya Ann Lowe, gauni la Jackie niliweke au niliache?

SindanoBubu: Wakuu habari zenu. Nasoma ubunifu wa mavazi, mwalimu kanipa Ann Lowe, yule fundi mweusi wa magauni ya pati aliyezaliwa Clayton, Alabama, Marekani, 1898. Kila nikiperuzi nakutana na gauni la harusi ya Jackie na John Kennedy, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, tu. Nikianza na hilo si nitakuwa kama wote?

MzeeOvaloki: Anza na 1914 mdogo wangu. Mama yake kafariki ghafla, magauni manne ya mke wa gavana hayajaisha, binti wa miaka 16 ndo akayamalizia. Halafu 1917 yuko New York chuoni wanamkalisha chumba cha peke yake sababu ya rangi, huku kazi zake wanaonyeshwa haohao wazungu kama mfano wa kazi nzuri 😂

MamaMarinda: Mi gauni la Jackie nisingeliacha ila lichambue kifundi. Kitambaa ni tafeta ya hariri kama yadi 50 hivi, na siku 10 kabla ya harusi ya 1953 bomba likapasuka kwenye karakana yake, gauni la bibi harusi na mengine tisa yakaharibika, kazi ya miezi miwili ikarudiwa chapchap na wenye shughuli hakuwaambia kitu! Alitegemea faida dola 700, akaambulia hasara dola 2,200.

SindanoBubu: Duh, hasara kwa familia ile? Si angewaambia waongeze hela?

HesabuZaDuka: Hapo ndo prezentesheni yako ilipo sasa. Mimi mhasibu sio fundi, ila huyu mama matajiri walikuwa wanamshusha bei kila gauni na yeye anakubali, wakati yale maua ya kitambaa yanashonwa kwa mkono. Hesabu alikuwa anashika mwanae Arthur, akafa ajalini 1958, mambo yakaenda mrama. 1960 kaingia Saks Fifth Avenue, lile duka kubwa la New York, vifaa na mafundi anagharamia mwenyewe, jamani! 1962 anadaiwa kodi dola 12,800, duka lake likafungwa, na mwaka huohuo jicho moja likatolewa kwa glaukoma (presha ya macho). Deni akaja kulilipa mtu ambaye hakujitaja, mwenyewe alihisi ni Jackie. Na bado akarudi kushona mpaka 1972.

SindanoBubu: Basi naenda na hesabu, gauni la Jackie litakuwa mfano katikati. Picha ya kufungulia je?

MamaMarinda: Weka gauni la yule mwigizaji Olivia de Havilland la tuzo za Oscar 1947, lina maua yaliyochorwa kwa mkono. Kashona Ann ila lebo ya ndani imeandikwa Sonia Rosenberg, yule aliyekuwa anamshonea, waulize wenzako gauni la nani hilo.