Tupeane uzoefu: shaka iliingiaje kati yako na jirani wa dini nyingine?

Mwanzisha mada, Mombasa

Waungwana, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu hapa Mombasa, na wanafunzi ninaowapokea sasa walikuwa wachanga Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa hapa aliyetuhumiwa kuliunga mkono kundi lenye silaha la Al-Shabaab la Somalia, alipouawa kwa risasi, vijana wakaingia barabarani na makanisa kadhaa yakashambuliwa. Wanachokijua kuhusu siku zile wamekisikia nyumbani, na kila nyumba ina pake inapoanzia: mtoto wa Majengo anaanza na kuuawa kwa sheikh, na mtoto wa jirani Mkristo anaanza na madirisha ya kanisa lao. Wote wawili wanasema kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia habari ya mwenzake ikisimuliwa na mwenyewe.

Ndiyo maana naomba tupeane uzoefu. Kila mmoja aeleze aliyoyaona kwa macho yake, shaka iliingiaje, na kama ilipungua, ilipunguzwa na nini. Naomba tusibishane juu ya aya, na tusitaje majina ya watu binafsi.

Mchangiaji wa Eastleigh, Nairobi

Mimi ni Msomali Mkenya, nimezaliwa Eastleigh, na baba yangu naye alizaliwa nchi hii hii. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa uraia wao. Mimi na mdogo wangu tulichukuliwa usiku tukiwa na vipande, yaani vitambulisho vya taifa, mkononi. Askari aliyekipokea cha mdogo wangu alikigeuza mara mbili chini ya tochi, akasema hivi vinanunuliwa, akakitia mfukoni. Tulilala kituoni tumebanana, hata pa kukaa hapana, mpaka jirani yetu, mama wa Kikamba anayeuza mboga chini ya ghorofa letu, alipokuja na vyeti vyetu vya kuzaliwa alivyopewa na mama, akasimama mbele ya meza ya askari akisema kwamba watoto hawa amewaona wakivaa sare ya shule ya msingi. Wapo majirani wengine waliotutazama tukipandishwa lori wasiseme neno. Siwalaumu kwa kuogopa, lakini salamu zetu hazikuwa zile tena.

Lililonitia hofu zaidi lilikuja baadaye. Mdogo wangu alianza kusikiliza kwenye simu mawaidha ya mtu ambaye hatukujua anatokea wapi, na jioni moja nikakaa naye nikayasikiliza mwanzo hadi mwisho. Katika nusu ya kwanza sikupata cha kupinga: alisema kipande chako hakikulindi, mlango wako unavunjwa kwa sababu ya jina lako, na hakuna aliyekuomba radhi. Hayo yote yalitupata. Katika nusu ya pili akadai kwamba, kwa hiyo, kila Mkristo ni adui na damu yake ni halali, na hapo aliingia hata yule mama wa mboga. Watu hawa hutanguliza dhuluma ya kweli, na msikilizaji akishaitikia mara tatu nne, la nne au la tano analiitikia bila kulipima.

Tulimwita sheikh wa msikiti wetu, mzee mwenye subira. Hakuanza kwa kumkaripia wala kumwambia asahau. Alikiri kwanza kwamba tulidhulumiwa, akamwacha aseme yote, ndipo akamuuliza ni nani aliyempa yule msemaji mamlaka ya kumhukumu mwanamke aliyekwenda kumtoa kituoni. Mdogo wangu hakujibu siku ile. Sheikh alirudi mara nyingi, na mara nyingine walizungumza habari za mpira tu.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Eastleigh, ahsante. Uliyoyaeleza yanalingana na ripoti ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) ya mwaka 2017, iliyotokana na mahojiano na mamia ya watu waliojiunga na makundi yenye itikadi kali, kama Al-Shabaab, barani Afrika. Asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, na asilimia 57 walikiri kwamba wanayaelewa maandiko ya dini kidogo tu au hawayaelewi kabisa. Hata hivyo, tusidhani kwamba umaskini unaeleza kila kitu. Mmoja wa wapiganaji wa Al-Shabaab walioshambulia Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake, chifu katika kaunti ya Mandera, alikuwa amekwisha kuripoti kwamba mwanawe ametoweka.

Dada wa Likoni

Nimeisoma habari ya ndugu yetu kwa makini, na naomba nami nisikilizwe bila kupima nani kaumia zaidi. Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja hapa Likoni wakawapiga waumini risasi. Halikuwa kanisa langu, lakini kwetu pia tulianza kupekuliwa mlangoni, na Jumapili moja mama wa buibui aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni aliambiwa avuke barabara.

Chama chetu cha akina mama wa dini zote mbili, kilichokuwa kikikutana kwa zamu majumbani, kilihamia kwenye kuchangia kwa simu. Pesa zilifika kama kawaida, ila hatukuonana. Naona hilo lilitudhuru kuliko upekuzi wa mlangoni, kwa sababu uvumi ambao zamani ungemalizwa sebuleni kwa kuulizana ulibaki bila mtu wa kuulizwa. Tulirudi kukutana mwenzetu mmoja alipojifungua, kwa maana hakuna aliyekubali kwamba mzazi atumiwe pesa kwa simu asiendewe.

Mwalimu wa Bungoma

Nilifundisha hisabati katika kaunti ya Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa, abiria wakatakiwa wasome shahada, yaani tamko la imani ya Kiislamu, na watu 28 wasio Waislamu wakatengwa na kuuawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Mimi nilikuwa bado sijaondoka. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ameandika shahada kwa herufi kubwa na kutenganisha silabi kwa vistari, akanisihi niihifadhi kichwani kabla ya kusafiri. Niliipokea kwa mikono miwili kwa kuwa nilijua ameiandika kwa mapenzi, na usiku nikalia, kwa kuwa maneno ambayo kwake ni imani, kwangu yalikuwa yamegeuzwa nauli ya uhai.

Sikurudi, na wengi tuliotoka nje ya eneo lile hatukurudi. Shule zilibaki bila walimu wa kutosha, na waliopata hasara ni watoto wa Kiislamu, wale wale ambao wauaji walidai kuwapigania. Tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa karibu na El Wak, katika kaunti hiyo hiyo, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo, wanawake wakawapa wenzao hijabu zao, na naibu mwalimu mkuu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Nilipopata habari ile nilimpigia yule mwanafunzi. Aliniuliza jambo moja tu, kama sasa nitarudi, kwa sababu darasa la mdogo wake halina mwalimu wa hisabati.

Mchangiaji wa Geita, Tanzania

Shikamooni wakubwa. Kwetu hapakuwa na kundi la kigeni la kulaumiwa. Ugomvi ulianzia buchani. Miaka yote mchinjaji alikuwa Mwislamu na watu walinunua nyama bila kuuliza. Baadaye wapo Wakristo waliohoji kwa nini wao wasichinje na kuuza, mabucha yakaanza kutengana, na Februari 2013 mchungaji mmoja aliuawa Buseresere katika vurugu za jambo hilo.

Kijijini kwangu hakufa mtu, lakini misibani ziliwekwa sufuria mbili, na mpini wa upawa mmoja ukafungwa kitambaa ili usichanganywe na mwingine. Ziko hadi leo. Wengine wanazitazama kwa huzuni, ila mimi naziona ni makubaliano mazuri, kwa kuwa wazee wa pande zote walikaa wakayapanga mapema, na watu wanaendelea kuzikana.

Mama wa Kwale

Nimewasoma wote, wanangu. Kijana wangu aliondoka akiniaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, akarudi baada ya serikali kutangaza msamaha Aprili 2015 kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab ambao wangejisalimisha. Watu hudhani mtoto akirudi mambo yamekwisha. Anaogopa askari, anaogopa wenzake wa zamani wanaomwona msaliti, na wa kwanza kuwakataza watoto wao kukaa naye barazani walikuwa Waislamu wenzetu.

Aliyempokea ni seremala Mkristo, mtu wa bara. Alikuja nyumbani, akamuuliza mbele yangu alifanya nini huko, akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia kesho saa moja aje na asichelewe. Sasa fundi yule amezeeka na anarudi kwao. Kwa bwana mpya tutakayemwendea, tuseme habari yote tangu mwanzo, au amjue kwanza kwa kazi yake? Mimi naona tuseme, lakini mwanangu anahofia kwamba akisema hatapokelewa popote.

Mchangiaji wa Eastleigh, Nairobi

Mama, shikamoo. Semeni, lakini msiende peke yenu. Mwombeni yule fundi, kabla hajasafiri, awapeleke yeye kwa bwana mpya na aanze yeye kusema, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye kazini na anaweza kueleza amemwonaje. Sisi mdogo wangu alipotafuta chumba cha duka, aliyetangulia kuzungumza na mwenye jengo alikuwa yule mama wa mboga.