Glock 43X: nilivyoiona mwanzoni, na swali la risasi kwenye chemba

MamaWawili, Arlington TX

Habari zenu ndugu. Nahudumia wazee majumbani huku Texas, zamu zangu nyingi ni za usiku. Nimenunua bastola, Glock 43X ya kubeba kiunoni na nimeshaipeleka uwanja wa shabaha, basi nasema nilivyoiona kabla sijaizoea, halafu nina swali.

Dukani nilianza kushikishwa Glock 19, ile ya risasi 15. Mpini ni mnene, kidole cha shahada kilifika kwenye kifyatulio kwa taabu. Hii 43X ni nyembamba, upana kama milimita 28, vidole vyangu vyote vinakaa kwenye mpini na hakuna kinachoning'inia. Magazini inaingia risasi 10. Ikiwa tupu ina uzito wa gramu 530 hivi. Nikiivaa naisikia mwanzoni tu, baadaye naisahau mpaka niiname kufunga viatu.

Slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma kukoki, ni ngumu, hilo akina dada mlijue. Mwalimu alinionyesha: bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea kwenye shabaha, mkono wa kushoto ukamate slaidi kwa juu na vidole vyote, halafu wa kulia ndio usukume mpini mbele. Siku hizi nakoki bila shida. Inaruka mkononi kuliko 19, maana ni nyepesi, lakini nilipokaza mkono wa kushoto risasi zilianza kukaa pamoja. Alama zake za kulengea ni za plastiki, nukta nyeupe mbele na umbo la kikombe nyuma. Mchana zinatosha. Kwenye taa hafifu ile nukta naitafuta, kwa hiyo hizo nitazibadilisha kabla ya kitu kingine chochote.

Swali langu sasa. Haina sefti ya kidole gumba, yaani kizuizi cha nje cha kufungia. Ina kile kiulimi katikati ya kifyatulio, na vizuizi viwili vya ndani. Mume wangu alipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), anasema raia hatembei na risasi kwenye chemba, yaani ikiwa tayari kufyatuliwa, basi. Mwalimu anasema chemba ikiwa tupu nimebeba chuma tu. Nyumbani nina watoto wawili, wa miaka minne na saba. Tena mwajiri haruhusu silaha ndani ya nyumba za wateja, kwa hiyo kila zamu naivua garini na asubuhi naivaa tena. Na skrabu, sare zangu za kazi, hazina mkanda! Wenye uzoefu mnafanyaje?

DerevaMasafa, Houston

Hongera dada. Mumeo na mwalimu wanabishania chemba, ila mimi ningeanza na holsta, ala ya kuvalia bastola. Glock nzima haijifyatui yenyewe. Vile vizuizi vinaachia pale kifyatulio kinapovutwa, kwa hiyo cha kuogopa ni kitu kitakachoingia pale: kidole, kamba ya jaketi, upindo wa blauzi. Vinaingia lini? Mara nyingi ni wakati unairudisha bastola kwenye holsta. Na wewe kwa ratiba hiyo utakuwa unairudisha kila zamu, gizani, umejikunja kwenye kiti cha gari. Hatari yako iko hapo.

Tafuta holsta ya kaideksi, plastiki ngumu, iliyofinyangwa kwa ajili ya 43X yenyewe, inayofunika kifyatulio chote, yenye klipu ya kuchomoa. Ukivua, vua holsta na bastola ikiwa ndani yake. Viingie pamoja kwenye kisanduku cha chuma, nacho ukifunge kwa waya wake kwenye chuma cha chini ya kiti. Asubuhi unavaa hivyo hivyo, kifyatulio hakijaguswa wala kuonekana. Kwa utaratibu huo mimi natembea na risasi chemba kwa amani kabisa.

Jambo jingine halisemwi sana. Ukitoa risasi chemba kila usiku na kuirudisha ileile kila asubuhi, ncha yake inagongwa kidogo kidogo na kuzama ndani ya ganda. Ukiifyatua, shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Isimamishe mezani kando ya risasi mpya. Ukiona imekuwa fupi, usiitumie.

NesiDallas

Dada, kuhusu skrabu: vaa mkanda mgumu mwembamba moja kwa moja kiunoni, chini ya blauzi ya skrabu, holsta iingie hapo. Ile mikanda ya tumbo ya kitambaa peke yake siipendi, kitambaa kinabonyea na kifyatulio kinaweza kubanwa kutokea nje. Kama lazima, chagua yenye ganda gumu ndani. Mkoba usiufikirie. Watoto wetu mkoba wa mama ndio wanakotafuta pipi.

Nyumbani weka sefu ndogo ya namba kando ya kitanda, uvue holsta nzima uiweke mle. Texas mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki yenye risasi uliyoiacha bila kuilinda, kesi ni yako.

MzeeLewisville

Binti, chukua LTC, leseni ya Texas ya kubeba bastola, hata kama tangu Septemba 2021 hailazimishwi kwa wenye miaka 21. Mtihani wa kulenga ni risasi 50, kwa yadi 3, 7 na 15, na darasani utafundishwa mabango: 30.06 mlangoni mwa hospitali, la kumkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa, na lile jekundu la 51% kwenye baa, la kukataza silaha. Oklahoma na Louisiana wanaitambua. Illinois na New Jersey hawaitambui, wengi wetu wana ndugu huko, kwa hiyo soma kabla hujafunga safari.

Mumeo usimpuuze, ana haki ya kuogopa. Fanyeni hivi. Toa magazini kwanza, halafu risasi chemba, hakikisheni wote wawili kwa macho na kwa kidole, kisha koki bila magazini. Kifyatulio kitakaa mbele. Ivae kwenye holsta siku nzima ukipika, ukibeba mtoto, ukiingia na kutoka garini. Jioni mtazame: kikiwa bado mbele, hakuna kilichokivuta. Kikiwa kimerudi nyuma, holsta hiyo itupe.

MamaWawili, Arlington TX

Shikamoo mzee, na asanteni sana wote. Holsta nimeagiza, sefu tumeshaifunga ukutani. Jaribio la mzee nimemsomea mume wangu naye amelikubali: atakagua kifyatulio yeye mwenyewe kila jioni, na mpaka aridhike chemba itabaki tupu. Mwenye alama za kulengea zinazong'aa gizani aniambie nukta ya mbele alichagua rangi ya chungwa au kijani.