Tupeane uzoefu: kumpiga picha ndege akiwa hewani, ziwani na pwani

Lenzi Ndefu
Wakuu, salaam. Maswali ya kupiga picha ndege wanaoruka yametapakaa kila mahali, tuyakusanye hapa. Tubaki kwenye maji: ziwa, mto, bahari. Anayechangia alete namba, mahali na sababu. Kumwambia mtu "ongeza kasi ya shata" hakumsaidii kitu. Iongezwe hadi ngapi, kwa ndege yupi?

Naanza na hilo hilo, yaani muda ambao shata (pazia la kamera) inabaki wazi. Ndege anayekwenda mita 10 kwa sekunde, ndani ya 1/500 ya sekunde ameshasogea sentimita 2. Kwa 1/2000 amesogea milimita 5. Hapo ni kiwiliwili tu; ncha ya bawa ina mwendo mkubwa zaidi. Mwari au korongo anayeelea bila kupigapiga mabawa, 1/1600 inatosha. Furukombe anayeshukia samaki, 1/2500. Buabua, anza 1/3200. Yule mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji anaonekana ametulia, lakini mabawa yake hata 1/2000 haiyagandishi. Mpe 1/4000.

Tundu la lenzi nalo lina hesabu yake: namba ya f ikikua, tundu linabana. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya sensa ndogo (APS-C), f/5.6, ndege akiwa mita 15: eneo lililo ndani ya fokasi ni kama sentimita 30, mbele na nyuma kwa pamoja. Furukombe akikunjua mabawa anafika karibu mita 2. Akikujia uso kwa uso hakuna shida, akikatiza mshazari utapata jicho safi na bawa moja lenye ukungu. F/8 inakusogeza hadi kama sentimita 45. Kukiwa na jua natumia f/8, na ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) naiacha ijipange yenyewe kwa ukomo wa 3200.

Bi Histogramu
Hapo kwenye ISO ya kujipanga natofautiana na mwanzisha mada, angalau kwa sehemu za maji.

Chukua yangeyange mmoja anayepita mbele ya mafunjo, kisha mbele ya anga, kisha juu ya maji yanayometameta. Jua linalompiga ni lile lile, ila kamera inaona mandhari tatu tofauti na kubadilisha namba mara tatu. Mbele ya mafunjo meusi inaongeza mwanga na manyoya meupe yanaungua. Mbele ya anga inapunguza na ndege anakuwa kivuli. Dawa ni kuweka kila kitu kwa mkono, ISO pamoja.

Pa kuanzia, saa tatu asubuhi, jua wazi bila wingu: f/8, 1/1600, ISO 400. Ndege mweupe (yangeyange, mwari, buabua) punguza kidogo, 1/2500 kwa namba zile zile. Mnandi aliye mweusi mwili mzima, usimshushie shata, mpandishie ISO hadi 800. Saa moja asubuhi jua bado dhaifu, kwa hiyo ISO inaanzia 800 au 1000 kwa ndege wa kawaida na inashuka kadiri jua linavyopanda. Washa alama ya kumeta inayoonyesha sehemu zilizoungua. Ikimeta kwenye kifua cha ndege, punguza. Ikimeta kwenye maji tu, achana nayo.

Wingu likipita, unabadilisha ISO kwa gurudumu moja, hakuna kingine.

Lenzi Ndefu
Nakubali kwa uwanja wa wazi. Ila kwenye kingo zenye miti, ndege akitoka kivulini kuingia juani, hutawahi lile gurudumu. Huko ISO ijipange.

Maji Mafu
Mimi ni wa pwani, nizungumzie upepo na maji, maana watu wanabeba lenzi ya bei ya pikipiki na kusimama mahali pasipofaa.

Ndege hupaa na kutua akielekea upepo unakotoka. Akiupinga anakwenda polepole na kifua chake kinaonekana. Akiufuata anakupita kabla hujainua kamera. Ukipata jua mgongoni na upepo mgongoni kwa wakati mmoja, ndege anatua akikutazama. Fukwe zetu zinaangalia mashariki, kwa hiyo asubuhi ukielekea baharini jua liko usoni na ndege wote ni vivuli. Pwani piga alasiri, kuanzia saa tisa na nusu.

Sasa tatizo: alasiri jua liko mgongoni lakini upepo unatoka baharini, kusi au kaskazi. Usitegemee picha za ndege anayekujia, tafuta za ubavu. Wakati wa kusi wasubiri wanaoelekea kusini, yaani wanaotoka kushoto kwako kwenda kulia, ndio wanaopigana na upepo. Kaskazi ikivuma, geuza: wanaotoka kulia kwenda kushoto. Wa upande wa pili waache wapite.

Maji yenyewe. Maji yakipwa ndege wametawanyika mbali kwenye matope na hakuna lenzi itakayowafikia. Yakijaa yanawasukuma kuelekea kwako. Fika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa, kaa chini, usitembee tena, waache wao wasogee. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, Mombasa maji hujaa takriban saa kumi alasiri, na hapo jua ndipo lilipo pazuri. Siku za maji mafu yanajaa katikati ya asubuhi, na hata yakijaa hayaingii ndani sana. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo dirisha zuri ni siku ya bamvua na mbili tatu zinazofuata.

Sehemu mbili za kujaribu: mlango wa mto Sabaki kaskazini ya Malindi, kwa shakwe na buabua wanaopumzika kwenye fungu za mchanga, na Mida Creek karibu na Watamu, penye daraja la mbao linaloning'inia ndani ya mikoko na kibanda cha kutazamia ndege mwishoni. Ndege wageni kutoka kaskazini ya dunia wanakuwapo kati ya Septemba na Aprili. Wale weupe na weusi wanaokula kaa, Mida ndiko kwao kwa miezi hiyo.

Chipukizi_KSM
Wakuu, lenzi yangu ni 70-300 ya kawaida. Nijaribu au nisubiri?

Bi Histogramu
Jaribu, mdogo wangu. Kwenye kamera ya sensa ndogo, 300 inaona kama 450. Kwa mwari, furukombe aliye kwenye mita 20 na mwewe inatosha kabisa. Kwa buabua na mdiria utalazimika kuikata picha sana, basi tafuta mahali wanapopita karibu. Lenzi hizo huwa laini kidogo zikifunguliwa mwisho kwenye 300, kwa hiyo f/8 na zumu 280 inakusaidia. Kasoro yake kubwa ni fokasi ya polepole, soma mchango wa Mnandi wa Mwanza hapo chini.

Mnandi wa Mwanza
Fokasi. Weka ile endelevu: AF-C kwa Nikon na Sony, AI Servo au Servo kwa Canon. Hamishia kazi ya kulenga kwenye kitufe cha AF-ON nyuma ya kamera, shata ibaki kupiga tu. Faida yake: kidole gumba kinashikilia ndege wakati wote, na ukitaka kusimamisha fokasi unakiachia bila kuacha kupiga.

Ukubwa wa eneo la kulengea unategemea nyuma kuna nini. Anga tupu: fungua eneo pana, hakuna kitu kingine cha kukamatwa. Ndege anayepita chini juu ya mawimbi, au mbele ya magugumaji: eneo dogo, pointi moja na jirani zake, kwa sababu mawimbi yana michirizi mingi ya mwanga na kamera inaipenda michirizi hiyo kuliko ndege wa kijivu. Kamera zenye kutambua jicho la ndege zinapunguza tatizo, haziliondoi. Kunapokuwa na mng'ao mkali wa jua majini zinapotea kama nyingine.

Lenzi yenye swichi ya ukomo wa fokasi, iweke isitafute vitu vya karibu. Bila hivyo, ikimkosa ndege inasafiri hadi mita moja na kurudi, na ndege ameshaondoka. Kama lenzi haina swichi hiyo, kabla ndege hajafika lenga kitu chochote kilicho umbali ule ule: boya, mtumbwi, kigingi. Lenzi itaanzia karibu na jibu.

Namna ya kumkamata kwenye kioo cha kutazamia: macho yasimwache ndege, kamera ndiyo ipande hadi machoni. Anza na zumu fupi, 150 au 200, mpate, lenga, ndipo uvute. Wanaoanza huvuta hadi mwisho kwanza na kutafuta ndege kwenye tundu la sindano.

Piga vipande vifupi vya picha tano hadi nane. Sababu ni kadi. RAW (faili ghafi ya picha) ya MB 25 kwa picha 10 za sekunde ni MB 250 kila sekunde. Kadi inayoandika MB 90 haiwezi. Bufa (kumbukumbu ya muda ya kamera) ya picha 30 inajaa baada ya sekunde nne au tano, kisha unashuka hadi picha tatu au nne kwa sekunde, mara nyingi ndege akiwa ndio anagusa maji.

Na shata ya kimya ya kielektroniki, kwa kamera nyingi za bei ya kati, inapinda mabawa kwa sababu sensa inasomwa mstari kwa mstari. Tumia shata ya kawaida.

Fundi Mafunjo
Furukombe, Naivasha. Mabaharia wa pale hurusha samaki aliyechomekwa kipande cha bua la funjo ili aelee, kisha hupiga mbinja. Mwambie nahodha kabla ya kutoka: jua liwe nyuma ya boti, samaki aangukie mita 20 hivi upande wa mbali na jua, injini izimwe. Wengi wao wanajua, ila boti ikiwa na wageni wanaotaka kupiga kwa simu, mpango unavurugika.

Dalili za kuondoka kwenye mti: anainama mbele, anakaza miguu, mara nyingi ananya kwanza. Hapo kidole kiwe tayari kwenye AF-ON. Mfuate tangu tawini, usimsubiri juu ya samaki. Anza kupiga miguu inapotokeza mbele. Kwenye boti usitumie tripodi, inaleta mtikisiko wote wa injini na wimbi. Shika mkononi, magoti yalegee, kiimarishi cha lenzi kiwe kimewashwa.

Samaki mmoja au wawili kwa ndege mmoja basi, na msimrushie aliye na kinda kiotani. Asiyependa kulisha ana njia nyingine: kaa karibu na mti anaoupenda kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atavua mwenyewe. Viboko wakitokeza, neno la nahodha ndilo la mwisho.

Mkiwa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, Dunga au kwingineko, msiingie majini kutafuta pembe ya chini. Kichocho kipo, na pembeni ya mafunjo kuna mamba na viboko. Pembe ya chini mnaipata kwenye mtumbwi.

Kijana wa Feri
Pa kufanyia mazoezi bila kutumia nauli: soko la samaki Feri, Dar es Salaam. Mwewe na kunguru wamejaa kuanzia asubuhi boti zinapoingia. Kunguru ni mgumu kwa fokasi kwa sababu ya weusi wake, ukimuweza huyo wengine ni rahisi. Zoezi: wiki ya kwanza usijali picha, mfuate ndege mmoja kwenye kioo kwa sekunde kumi bila kumpoteza, bila kupiga. Ila omba ruhusa kwa wavuvi, na lenzi ndefu msiielekeze kwenye vivuko wala bandari. Ikulu ya Magogoni iko jirani pale, mtaulizwa maswali.

Maji Mafu
Flamingo tumemsahau. Anakimbia juu ya maji kabla ya kupaa, akielekea upepo. Hapo shusha shata hadi 1/60, mfuate kwa kiuno siyo kwa mikono, miguu itoke na mvuto na kichwa kibaki wazi. Picha moja kati ya kumi ikitoka, umepata. Usimkimbize ili aruke. Subiri wenyewe wahame upande mmoja wa ziwa kwenda mwingine. Na ikishapita saa nne asubuhi, Magadi au Natron, funga begi: mazigazi yanavuruga kila kitu kilicho zaidi ya mita 50, na hakuna fokasi itakayoponya hilo.

Mnandi wa Mwanza
Kwa wa pwani, chumvi. Usifute kavu, chembe zake zinakwaruza. Kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, futa mwili wa kamera na lenzi, kisha kikavu. Miguu ya tripodi isuuzwe yote, na sehemu za kukazia zifunguliwe. Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, la sivyo kioo kinaota ukungu, wakati mwingine hadi ndani, na huo wa ndani haufutiki kwa kitambaa.